Vifungo Kumi kwenye Sikio la Mbwa

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Zuhura, binti yake Rehema alitoka chumbani amebeba kopo la biskuti lililoshika kutu, akapita katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ambayo baraza zima liliisikia: "Mama aliacha neno. Hili kopo apewe daktari wa mbwa." Akina mama wakageuka kunitazama. Mmoja wao, ambaye muda mfupi kabla tulikuwa tumekula wali sahani moja, aliufuta mkono wake taratibu kwenye khanga. Sikumlaumu. Nilicheka, msibani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na kabla kicheko hakijaisha nikaanza kulia, na nadhani wageni wasionijua waliamini kwamba daktari wa mbwa naye ameshapata kichaa. Kopo lenyewe nililijua. Lilikuwa likikaa chini ya cherehani, upande wa kulia wa kanyagio, mwaka ule mmoja nilipokuwa mpangaji katika nyumba hii, na nilijua lina vifungo hata kabla sijalitikisa. Lilikuwamo pia jambo ambalo sikulijua, lakini hilo nitalieleza mwishoni, kwa sababu hata mimi nililijua mwishoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti kikiwa bado kinanukia wino, nimepangiwa kliniki ndogo ya mifugo hapa Dodoma. Chumba changu kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, chenye dirisha moja la kutazama ua na ukuta mwembamba kiasi kwamba Bi Zuhura akipiga chafya upande wa pili nilimwambia afya. Yeye alikuwa mjane, fundi cherehani, mtu wa mji huu tangu enzi za babu zake waliokuja na misafara. Mimi nilikuwa Mkristo kutoka Kondoa vijijini, na kazi yangu, kwa macho yake, ilikuwa balaa. Siku ya kwanza alinusa koti langu la kazi akauliza, "Leo umeshika nini?" Nikasema mbwa wawili na nguruwe. Akavuta pumzi ndefu, akanipeleka bombani uani, akanionyesha sufuria kuukuu yenye udongo mwekundu. "Mwanangu, humu ndani watu wanaswali. Ukitoka kwa mbwa, unanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Nguo zako za kazi zinabaki hapa nje. Ukishamaliza hayo, karibu, chakula kipo." Na chakula kilikuwapo kweli. Siku za kawaida ugali wa uwele na mlenda, kwa kuwa aliolewa na kuzaa katikati ya Wagogo na ulimi wake ulishahamia huko, Ijumaa pilau. Tulikula barazani, mbele ya cherehani, chini ya koti jeusi la marehemu mumewe lililotundikwa kwenye msumari ukutani. Kila Ijumaa asubuhi alilitungua, akalipiga brashi, akalifunga vifungo vyote na kulirudisha. Mimi nilikuwa nikinawa huku nahesabu kwa sauti ili anisikie, na nikiruka kutoka nne hadi sita alinirudisha kwenye moja. Siku hizo niliona ni usumbufu. Leo nina kliniki yangu mwenyewe kule Mkonze, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namfundisha kunawa kabla sijamfundisha kushika sindano, na ninapomwona anaruka namrudisha kwenye moja.

Mzee Ndahani alikuja kliniki asubuhi moja ya kiangazi, kwa miguu kutoka Msalato. Msalato ya wakati huo ilikuwa vichaka vya miiba na mazizi ya mbuzi, wala hakuna aliyeota kwamba ndege kubwa zingetua pale. Alikuwa mrefu, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na alimshika mbwa wake kwa kamba ya katani huku mbwa ndiye anayemwongoza. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba. Mbukwa, mwanangu," kisha, baada ya salamu hiyo ya Kigogo, akauliza daktari yuko wapi. Nikasema daktari ni mimi. Dokta Komba, mkuu wangu, alikuwa vijijini kwenye chanjo ya ng'ombe kwa wiki nzima. Mzee akanitazama kwa yale macho yenye ukungu, akasema, "Basi sawa. Huyu anaitwa Waache." Jina hilo alimpa kwa ajili ya majirani wanaosema sana. Waache alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, na sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi. Kila baada ya muda alitikisa kichwa kwa nguvu, sikio likapiga fuvu, paf, naye akalia.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Sikio la mbwa ni ngozi juu, ngozi chini, na katikati gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika. Akilitikisa na kulikuna sana, kamshipa kadogo kanapasuka ndani, damu inajaa kati ya ngozi na gegedu, na sikio linakuwa mfuko. Lakini Msalato hawakuona mfuko wa damu. Waliona mbwa anayetikisa kichwa, anayelia ovyo, anayekenua meno mtu akimsogelea, na mwaka uliotangulia kichaa cha mbwa kilikuwa kimeua mtu jirani na pale. Kikao kilishakaa. Mtendaji wa kijiji alishasema mbwa auawe. "Mimi sioni vizuri," Mzee Ndahani aliniambia, amechuchumaa, mkono wake uko shingoni mwa Waache. "Asubuhi natoka na mbuzi, jioni huyu ndiye anawarudisha. Fisi akija, huyu ndiye anasema. Nikimkosa, nawatoa mbuzi, nakwenda kukaa kwa mwanangu Ihumwa, chumba kimoja na wajukuu watano, nangoja kufa. Sasa wewe niambie. Ana kichaa?" Nilimchunguza mbwa. Alikuwa anakunywa maji, anakula, anamtambua bwana wake. Nikasema hana. Nikachukua karatasi nikaandika: Mbwa huyu hana kichaa, ana maumivu ya sikio, afungwe kwa siku kumi na nne, na nisipompeleka akiwa mzima na mtulivu siku hizo zikiisha, kijiji kifanye kinavyoona. Nikagonga muhuri. Ulikuwa muhuri wangu wa kwanza maishani na niliugonga kwa kishindo, kana kwamba uhai wa kiumbe na uzee wa mtu vilikuwa mali yangu ya kuweka rehani.

Siku hiyohiyo nikampasua. Nimeshona tangu nikiwa mdogo, vitambaa vya meza na vya makochi, na kwetu nilisifiwa kwa mshono usioonekana. Nilimpa Waache dawa ya usingizi, nikamnyoa, nikafungua ngozi ya ndani ya sikio, nikatoa damu iliyoganda, nyeusi na laini kama vipande vya ini, nikasafisha kwa maji ya chumvi. Mpaka hapo ningepata alama zote. Kisha nikashona. Nikashona sikio lote, sindano ikipenya ngozi hadi ngozi, uzi mtupu, nikaukaza kila mahali, na ule mpasuko wenyewe nikaufunga kabisa, mshono mwembamba, mzuri, wa kutamanisha. Mzee Ndahani akaupapasa kwa kidole akasema, "Kama hakukatwa." Nilikwenda nyumbani nikanawa bombani huku naimba, na Bi Zuhura akauliza leo kuna harusi gani.

Siku ya sita walirudi. Sikio lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, uzi umeizamia ngozi na kuikata, na ule mpasuko niliouziba kwa fahari ulikuwa umeifungia damu ndani isipate pa kutokea. Mbaya zaidi, mtendaji alikuwa amekwenda kumkagua mbwa, akamshika kichwa, na Waache akamrarua mkono wa shati. Meno hayakufika kwenye ngozi, kwa bahati ya sisi sote. Mtendaji akatamka mbele ya watu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba barua ya binti wa mjini itatimiza siku zake lakini hazitaongezwa hata moja. Mzee Ndahani aliniletea habari hizo bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Zimebaki nane, mwanangu."

Dokta Komba alikuwa amerudi asubuhi hiyo, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa mtu mfupi, mpole kwa wanyama na mkali kwa wenye vyeti. Akalishika sikio, akatazama mshono wangu kwa muda mrefu. "Mzuri," alisema. "Ungefaa kwa gauni la kipaimara." Kisha akachukua tochi, akaniambia nichungulie ndani, kule chini kwenye tundu la sikio. Sikuwa nimechungulia. Nilikuwa nimeona uvimbe nikaurukia uvimbe. Kule ndani, kwenye mwanga wa tochi, walikuwa wamekaa kupe, wanene, rangi ya majivu, wamejipanga kama abiria. Mbwa yule alilala zizini na mbuzi, na kupe wa zizini hupenda masikio. "Yeye anatikisa kichwa kwa sababu ya hao," Dokta Komba alisema. "Wewe umempiga pasi shati mtu ambaye nyumba yake inaungua. Kesho utarudia. Mimi kwa kawaida naweka vipande vya filamu ya eksirei juu ya uzi ili usikate ngozi, lakini vimekwisha. Tafuta kitu. Usiku wa leo mbwa abaki hapa." Mzee Ndahani akasema basi na yeye atabaki, akajilaza nje ya banda, kamba mkononi.

Sikula jioni hiyo. Nilinawa mara saba bila kuhesabu kwa sauti, nikaingia chumbani, nikalala kifudifudi na kulia kwenye mto ili nisisikike, nikasahau ukuta ulivyo mwembamba. Upande wa pili Bi Zuhura alikuwa na shoga yake wa nyumba ya jirani. Nikasikia, "Mtoto wa watu hajala. Analia kwa ajili ya mbwa." Shoga akasema, "Mbwa? Astaghfirullahi!" Na Bi Zuhura akasema, "Nyamaza wewe. Hamlilii mbwa huyo, anaulilia mkono wake. Mimi nililia hivyohivyo nilipoharibu suti ya kwanza ya mteja, na mteja mwenyewe alikuwa bwana harusi." Halafu mlango wangu ukagongwa. Aliniketisha barazani, akaniwekea chai ya tangawizi na sahani ya maandazi, akakaa kwenye kiti chake cha cherehani. "Nieleze," alisema. "Mbwa mwenyewe usinieleze. Nieleze mshono."

Nikamweleza. Ngozi mbili, na kitu kigumu katikati, na nafasi inayojaa damu. Kwamba lazima ngozi ishikwe na gegedu mpaka vishikane vyenyewe, lakini uzi ukikaza unakata. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza gauni ambalo halijapata kuwepo. "Hilo ni koti," akasema. "Kitambaa, bitana, na kati yake kitambaa kigumu. Sasa kifungo cha koti zito hakishonwi peke yake. Nyuma yake unaweka mwenzake, uzi ukivutwa uvute kifungo, usivute kitambaa. Na juu unalaza kijiti cha kiberiti, unashona juu ya kijiti, halafu unakichomoa. Uzi unabaki na nafasi. Kitambaa lazima kipumue, mwanangu. Ukikaza kama unavyokaza wewe, kinachanika." Nikamuuliza amejuaje kwamba ninakaza. "Nimeuona mfuko wa koti lako la kazi. Umeushona kama mtu anayeziba mdomo wa adui." Nilicheka nikiwa na andazi mdomoni. Asubuhi, nilipofungua mlango, nilikuta sahani ya chai kizingitini, na ndani yake vifungo kumi vyeusi, vya mfupa, vilivyochemshwa; bado vilikuwa na uvuguvugu. Bi Zuhura alikuwa tayari kwenye cherehani, amenipa mgongo, anakanyaga. Nikasema asante. Akasema, "Usivirudishe humu ndani." Nilipita mbele ya lile koti nikikimbia kazini na sikulitazama. Ningetazama nini? Lilikuwa koti tu ukutani, na hata miezi iliyobaki nilikula chini yake bila kuinua macho.

Dokta Komba alisimama mikono nyuma. "Leo mimi ni ukuta," alisema. Nilianza kwa kupe, nikawatoa mmoja mmoja kwa kibanio, nikaosha tundu la sikio mpaka likawa safi, na hapo ndipo nilipogusa uvimbe. Nikafungua mpasuko, safari hii wenye kupinda kidogo, nikatoa damu. Kisha vifungo: kimoja ndani ya sikio, mwenzake nje, uzi ukipita kwa kufuata urefu wa sikio ili nisiinyonge mishipa inayopanda kwenda nchani, na chini ya kila fundo kijiti cha kiberiti. Jozi tano. Nikivuta kijiti kimoja kimoja uzi ulilegea kiasi cha unywele, na ngozi chini ya kifungo ilibaki na rangi yake. Mpasuko niliuacha wazi kidogo, midomo yake isikutane, ili kitakachotoka kitoke. Ulikuwa mshono mbaya kwa kutazama. Sijawahi kuuonea fahari mshono mwingine kama ule. Tukalikunja sikio juu ya kichwa, tukazungusha bandeji, na Waache alipoamka alikuwa kama bibi mwenye kilemba. Ukuta ukasema, "Haya." Kwa Dokta Komba hiyo ilikuwa hotuba. Mzee Ndahani, ambaye alikuwa amemshika mbwa kichwa muda wote, alipapasa bandeji na kuuliza kwa nini safari hii sikumshona vizuri kama mara ya kwanza. Nikamwambia ukweli, kwamba mara ya kwanza nilijishonea mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Umesema vema."

Siku ya kumi na nne nilikwenda Msalato kwa baiskeli ya ofisi. Watu walikuwa wamekusanyika karibu na zizi, mtendaji yuko mbele, amevaa shati lililotiwa kiraka mkononi. Waache alikuwa amelala miguuni pa Mzee Ndahani. Alikuwa ameshajivua bandeji siku mbili kabla na kupoteza kifungo kimoja vichakani, lakini sikio lilikuwa bapa, na kwa muda wote tuliosimama pale hakutikisa kichwa hata mara moja. Nilimwomba mtendaji amshike. Alisita, na watu wakaanza kuguna, basi akanyoosha mkono. Waache akaunusa, akaulamba. Watu wakacheka, na mtendaji mwenyewe akacheka, akaomba aelezwe mbwa gani huyu anayevaa vifungo vingi kuliko yeye. Barua yangu ikachanwa palepale. Jioni ile mbuzi walirudi wakiongozwa na mbwa mwenye vifungo tisa sikioni, na Mzee Ndahani alitembea nyuma yao mikono mitupu, bila kamba.

Wiki moja baadaye nilivitoa. Sikio lilibaki limekunjamana nchani, ila lilikuwa sikio. Mzee akauliza vifungo ni vya nani, nilipomwambia akasema lazima amshukuru mwenyewe. Alikuja na galoni ndogo ya asali, akasimama nje ya lango na mbwa wake, akakataa kuingia. "Nyumba ya watu wa swala, mbwa asikanyage," alisema. Bi Zuhura akatoka, akajifunga khanga vizuri, akasimama upande wa ndani. Walisalimiana kwa Kigogo, kirefu, kama watu wanaotafuta undugu. Kisha nikamwona Bi Zuhura anainama, si sana, anamtazama Waache. "Pole, bwana," alimwambia. Nilikuwa nimevishika vifungo mkononi. Nikamuuliza nivitupe? Akasema, "Viache bombani." Nikaviacha juu ya jiwe, na asubuhi havikuwapo. Nilijua amevitupa chooni, na niliona ni haki yake.

Ndiyo maana juzi, barazani, nilipofunua kopo na kuona chini kabisa kitambaa kilichofungwa fundo, sikuelewa. Nikalifungua. Vifungo tisa vyeusi vya mfupa, na katika matundu ya uzi, udongo mwekundu uliokauka. Hakuvitupa. Alivinawisha. Na hapo tu, Waache akiwa ameshakufa zamani na Mzee Ndahani naye ameshakufa, ndipo niliponyanyua macho ukutani. Koti lilikuwa palepale kwenye msumari wake, limepigwa brashi, mbele wazi, na mikononi na kifuani kuna nyuzi fupi zilizokatwa kwa mkasi. Rehema alikaa karibu yangu. "Nilikuwa bwenini mwaka ule," alisema. "Nilirudi likizo nikakuta koti la baba halina vifungo. Nikamwambia nivishone vipya. Akakataa. Kila mwaka nilimuuliza. Alikuwa anasema, 'Vipo. Vilikwenda kazini.'" Nililia tena, na safari hii yule mama aliyefuta mkono kwenye khanga ndiye aliyenishika bega.

Nikamwomba Rehema sindano, uzi mweusi na kijiti cha kiberiti. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, koti mapajani, nikashona vifungo tisa bila haraka, uzi kwa nafasi, kijiti kikichomolewa kila fundo likishika. Cha kumi kiko Msalato, chini ya lami ya ndege. Rehema alinyoosha mkono kwenye kopo kutafuta kingine kinachofanana, nikamwambia aache, marehemu baba yake atavaa hivyohivyo. Tukalirudisha koti msumarini. Kisha nikaenda uani bombani, nikaikuta ile sufuria ya udongo bado ipo, nikanawa mara saba, nikihesabu kwa sauti, ingawa siku hiyo sikuwa nimemgusa mbwa yeyote.